Bomba la Mvua la Bi Mwanaamina

"Hawa! Maji hayana nguvu!"

Mwanahawa alikuwa jikoni akikoroga uji. Aliepua sufuria, akafuta mikono kwenye khanga, akaelekea bafuni. Alibisha hodi kwanza, maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba tangu bafu lile lilipokamilika, kisha akasukuma mlango. Mama yake, Bi Mwanaamina, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, povu la sabuni limemtapakaa kuanzia utosini hadi miguuni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika koki, na koki ilikuwa wazi mpaka mwisho. Juu ya kichwa chake bomba la mvua lilitiririsha uzi mwembamba wa maji, unaokatika na kuungana.

"Yameanza hivi tangu lini, mama?"

"Tangu nilipofungua. Nikasema yatachangamka tu, nikajipaka sabuni."

Mwanahawa alichota ndoo jikoni, akaja na kopo, akamsuuza. Alimsuuza kwa upole, kama alivyozoea kuwasuuza wagonjwa, mgongo, shingo, nyuma ya masikio. Bi Mwanaamina aligeuza uso ukutani, akafumba macho mpaka povu lote lilipokwisha. Alipofungwa khanga alisema, "Ahsante," kwa sauti ile ambayo mtu humshukuru nayo mgeni aliyempisha njiani.

Neno hilo lilimsumbua Mwanahawa siku nzima.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kujua kazi aliyoifanya Bi Mwanaamina. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mwosha kule Mikindani. Mwanamke akifariki, aliitwa yeye. Aliingia chumbani na wanawake wawili watatu wa kumsaidia, mlango ukafungwa, naye akaanza upande wa kulia kwa Bismillahi, akimfunika marehemu kila alipohamisha mkono ili hata maiti asivunjiwe heshima yake. Aliosha wazee, aliosha mabinti, aliosha wanawake waliokufa na uzazi. Hakuwahi kutoa siri ya mwili hata mmoja. Watu wa Mikindani walimheshimu kwa hilo, na ungepita naye barabarani ungechoka kwa jinsi alivyoamkiwa.

Kisha kiharusi kikamwangusha uani akianua nguo. Mkono wa kulia ukalegea na mguu wa kulia ukawa wa kuburuta. Mwanahawa, ambaye ni muuguzi wa zahanati moja hapa Mtwara mjini, alimchukua akamleta kwake Chuno. Siku za mwanzo alimwogesha mwenyewe kila asubuhi, amelala kitandani juu ya shuka la mpira. Bi Mwanaamina alivumilia siku kumi. Siku ya kumi na moja alimshika binti yake kifundo cha mkono.

"Hawa, mimi najua mtu anayeoshwa anavyokuwa. Anageuzwa huku, anageuzwa kule, ananyanyuliwa mkono, haulizwi. Kila ukininyanyua hivi najiona niko juu ya ubao. Sijafa, mwanangu. Niache nioge."

Lakini kuoga kwa kopo kunataka mikono miwili, mmoja wa kumwaga na mwingine wa kusugua. Ndipo Mwanahawa alipojenga bafu lile dogo nyuma ya nyumba. Aliagiza koki iwekwe chini, upande wa kushoto, yenye mkono mrefu unaosukumika hata kwa kiwiko. Aliweka kiti, akafunga na kamba nene ukutani ya kujishikia. Kwa miezi mitano mlango ulifungwa kila asubuhi, maji yakasikika, na baada ya robo saa Bi Mwanaamina akatoka mwenyewe na fimbo yake, uso unang'aa mafuta, akidai chai. Miezi mitano hiyo alinenepa. Alianza hata kugombana na redio.

Sasa maji yalikuwa yamegeuka uzi.

Mchana wa siku hiyo hiyo, Jumatano, Mwanahawa alimwita fundi bomba, kijana wa makamo aitwaye Juma, mtu mcheshi mwenye mkoba wa vyuma uliokuwa mzito kuliko yeye. Juma alifungua kichwa cha bomba, akakigeuza, akaonyesha vitundu vyake. Vingi vilikuwa vimezibwa na utando mweupe mgumu.

"Chumvi ya maji, nesi. Unaona? Jibu liko hapa." Akafunga kichwa kipya, akafungua koki, akasubiri kwa tabasamu. Uzi wa maji ukashuka vilevile. Tabasamu likapungua.

"Basi ni presha," alisema. "Tangi lako liko chini. Hapa dawa yake ni pampu."

"Tangi halijashuka, Juma. Liko palepale lilipokuwa wiki iliyopita, na wiki iliyopita maji yalikuwa yanampiga mama mpaka anacheka."

"Nesi, wewe tibu vidonda, mabomba niachie mimi," Juma alisema akicheka, akaubeba mkoba wake. Aliahidi kuulizia pampu.

Alhamisi Bi Mwanaamina alijifuta kwa kitambaa kibichi, mkono wa kushoto peke yake, mlango umefungwa. Ilimchukua karibu saa nzima. Ijumaa alifanya vivyo hivyo. Alisali kwenye kiti chake kama kawaida, lakini baada ya sala hakukaa na tasbihi. Alijilaza akaelekea ukutani. Jirani yao Felista alipita na kuita, "Shikamoo bibi, leo hutoki barazani?" Akajibiwa kwa mbali kwamba bibi amechoka.

Mchana wa Ijumaa akaja Alawi, mdogo wake Mwanahawa, moja kwa moja kutoka msikitini. Alawi alikuwa fundi wa mashine za kunyanyulia mizigo bandarini, mtu wa mikono mikubwa na moyo mwepesi, lakini mwenye haraka ya kumaliza mambo. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama.

"Dada, unajitesa bure. Tutafute msichana wa kazi. Atamwogesha mama asubuhi na jioni, mambo yamekwisha. Kuna wazee wangapi wanaogeshwa?"

"Mama hataki."

"Mama hataki dawa, mama hataki chakula kisicho na chumvi, mama hataki fimbo ya hospitali. Tutafuata kila asichotaka?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Sauti ya Bi Mwanaamina ikatoka humo, tulivu, haina hasira hata kidogo.

"Mleteni huyo msichana. Mimi nitalala tu, afanye anavyotaka."

Mwanahawa alimjua mama yake kwa ugomvi, kwa kununa, kwa kurusha kikombe hata. Hakuwahi kumsikia akikubali jambo kwa namna hiyo. Ilikuwa sauti ya mtu anayekunja mkeka.

"Alawi," alisema, "kesho sina zamu. Njoo na spana zako saa tatu."

"Mimi sijui mabomba, dada."

"Nani amekuuliza kama unajua? Njoo na spana."

Usiku ule alilala vizuri kuliko alivyotarajia. Alikuwa amekwisha amua.

Jumamosi asubuhi Alawi alipofika alimkuta dada yake uani amekunja suruali magotini, kilemba kichwani, ndoo mbili mbele yake. Bi Mwanaamina alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, fimbo mapajani, akitazama kama mtu asiyetazama.

"Tunaanzia wapi?" Alawi aliuliza.

"Tunaanzia kwa kutobahatisha. Wodini dripu ikigoma kushuka, huanzi kumchoma mgonjwa sindano nyingine. Unafuata mpira wake, kutoka kwenye chupa mpaka kwenye mshipa. Mahali fulani pana sababu."

Aliweka ndoo ya kwanza chini ya bomba la jikoni, akafungua, akahesabu kwa sauti. Kabla hajafika mia moja ndoo ilikuwa imejaa. Ya pili akaiweka bafuni. Safari hii alikifungua kabisa kichwa cha bomba la mvua, akakiweka pembeni, bomba likabaki wazi. Akahesabu tena. Mia moja ilipofika, maji ndani ya ndoo hayakufunika hata kucha ya kidole gumba.

"Jikoni na bafuni wanakunywa kwenye tangi moja," alisema. "Jikoni wanashiba. Kwa hiyo tangi ni zima. Na kichwa cha bomba kiko mkononi mwangu, kwa hiyo si kichwa. Juma alibadilisha kitu ambacho hakikuwa na kosa kubwa."

"Bado koki," Alawi alisema, na sasa alikuwa amechuchumaa. Shauku ilikuwa imeanza kumwingia.

Walifunga maji kwenye tangi, wakaifungua koki ya bafuni. Ndani mlikuwa na mchanga, kiasi cha kijiko cha chai. Mwanahawa alipiga kelele ya furaha. Waliisafisha kwa mswaki wa zamani, wakairudisha, wakafungua maji wakiwa wamekodoa macho.

Uzi uleule.

Alawi aliketi kwenye kizingiti. "Dada, tununue tu hiyo pampu."

Mwanahawa aliona aibu kidogo kwa ile kelele yake, na zaidi kwa sababu mama yake alikuwa amegeuza uso pembeni, kama mtu aliyeanza kutumaini akajikanya. Alikwenda mpaka chini ya mnara wa matofali uliobeba tangi. Pale bomba lililotoka tangini liligawanyika njia mbili, moja ya jikoni na moja ya bafuni, na mwanzoni mwa ile ya bafuni palikuwa na kiungio cha kufunguka.

"Tufungue hapa."

"Hapa? Yatatumwagikia."

"Ndicho ninachotaka kujua, kama yatatumwagikia."

Walifunga koki ya tangi, Alawi akazungusha spana mara tatu, kiungio kikaachia, Mwanahawa akafungua koki. Maji yalitoka kwa kishindo, yakampiga Alawi kifuani, yakamrusha nyuma akakaa kitako kwenye tope. Bi Mwanaamina alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, lakini wote wawili walikisikia.

"Umeona?" Mwanahawa alisema akifunga tena. "Hapa yana nguvu. Bafuni hayana. Mgonjwa wetu yuko katikati."

Walikaza kiungio, wakafungua maji, kisha Mwanahawa akaanza kulifuata bomba kwa macho na kwa kiganja. Lile la jikoni lilipita ardhini. Hili la bafuni lilipita njia ya ajabu. Wakati linafungwa, uani palikuwa pamesakafiwa juzi juzi tu, na fundi wa wakati ule aliona uchungu kuchimba saruji mpya. Basi alilipandisha ukutani, akalipitisha juu ya mlango wa uani, ndipo akalishusha upande wa pili mpaka bafuni. Kwa miezi mitano Mwanahawa alipita chini ya bomba lile kila siku bila kulitazama.

Alichukua spana ndogo akaligonga pale chini, karibu na tangi. Likatoa sauti nzito, fupi. Akagonga kiunoni mwa ukuta. Sauti nzito. Alipanda juu ya stuli, akagonga pale juu ya mlango.

Likalia kama debe tupu.

Aligonga tena. Akagonga chini, akagonga juu. Alawi aliinuka kwenye kizingiti.

"Hamna maji humo," alisema polepole.

"Mna upepo." Mwanahawa alibaki juu ya stuli, spana mkononi, na mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake. "Alawi, Jumatatu na Jumanne maji ya mjini hayakutoka. Jumanne tangi liliisha mpaka tone la mwisho, nilikwenda kuomba ndoo kwa Felista. Halijawahi kuisha tangu tulinunue. Maji yalirudi Jumatano alfajiri, na asubuhi ile ile mama akakwama na sabuni. Chupa ya dripu ikiachwa ikaisha, hewa inaingia kwenye mpira. Ukitundika chupa mpya juu yake, dripu inasuasua, hata chupa iwe imejaa vipi. Mpaka uitoe ile hewa."

"Sasa hewa imekaa hapo juu ya mlango."

"Imekaa hapo kama mkwe. Haipandi kwa sababu bomba linashuka pande zote mbili, na maji ya tangi letu hayana ubavu wa kuisukuma yote. Yanapenya chini yake kidogo kidogo. Ndiyo huo uzi."

"Mwanangu," Bi Mwanaamina alisema kutoka kivulini. Ilikuwa mara ya kwanza kusema neno asubuhi ile. "Sasa mnaitoaje?"

Mwanahawa alimtazama mama yake, akatabasamu. "Tunaisukuma irudi ilikotoka. Kwa maji yenye nguvu kuliko yetu."

Maji yenye nguvu yalikuwepo uani hapo hapo, kwenye bomba la nje lililotoka moja kwa moja barabarani bila kupita tangini. Siku yakiwepo, yalitoka kwa hasira. Alimpigia Felista kelele juu ya ukuta. Felista alifanya kazi Naliendele kwenye vitalu vya miche ya mikorosho, na nyumbani kwake hakukosi vifaa vya kumwagilia.

"Mama Irene! Maji ya mjini bado yapo?"

"Yapo, lakini saa sita wanafunga!"

"Naomba mpira wako mrefu!"

Ilikuwa saa tano na nusu. Felista alikuja mwenyewe na mpira begani, kwa sababu hakutaka kusimuliwa. Walichomeka ncha moja kwenye bomba la nje, ya pili wakaipenyeza juu ya ile ncha tupu ya bomba la mvua bafuni. Mwanahawa alieleza kila mtu kazi yake: Felista kwenye bomba la nje, Alawi bafuni kushikilia kiungio, koki ya bafuni wazi, koki ya tangi wazi. Yeye akaegemeza ngazi kwenye mnara.

"Dada, acha nipande mimi," Alawi alisema.

"Wewe una mikono ya kushikilia. Na mimi nataka kuona kwa macho yangu."

Alipanda. Huko juu aliona mapaa ya Chuno na minazi, na mbali kidogo milingoti ya mitambo ya bandarini. Alifunua kifuniko cha tangi. Maji yalikuwa yametulia, yamefika karibu na ukingo.

"Fungulia!"

Felista alifungulia. Kwa sekunde tatu hakuna kilichotokea, kisha bafuni ukasikika mlio kama wa mtu anayepigwa kofi, halafu yowe la Alawi. Mpira ulikuwa umechomoka. Ulikuwa unaruka bafuni kama nyoka aliyekanyagwa, ukilowesha kuta, dari, na Alawi, ambaye alitoka nje anachuruzika maji kuanzia kofia. Felista alifunga huku akicheka mpaka akashika ukuta.

"Saa sita kasoro robo," Mwanahawa alisema kutoka juu. Hakuwa anacheka. "Una kitu cha kufungia?"

Alawi alikwenda kwenye pikipiki yake, akafungua chini ya kiti, akarudi na kipande cha mpira wa tairi. Alikikata mikanda miwili, akaizungusha juu ya kiungio, akavuta kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kufunga minyororo ya makasha, akafunga fundo, akafunga na la pili.

"Huu haung'oki mpaka nife mimi," alisema.

"Usitaje kifo bafuni kwangu," Bi Mwanaamina akamjibu kutoka kivulini.

"Fungulia, mama Irene!"

Safari hii mpira ulivimba, ukashika. Mwanahawa aliinama juu ya tangi. Maji yalikuwa kimya. Alihesabu moja, mbili, tatu. Alifika kumi na nne na moyo ukaanza kumshuka, pengine alikuwa amekosea, pengine mama yake angelazwa tena juu ya shuka la mpira na kugeuzwa huku na kule na msichana asiyemjua. Kumi na saba. Kumi na nane.

Kutoka chini ya tangi likapanda povu moja kubwa, likapasuka juu kwa mlio wa mtu anayecheua. Nyuma yake likaja jingine. Kisha yakaja kwa makumi, yakagombana kutoka, maji yote tangini yakachemka kama sufuria ya wali.

"Linatoka!" Mwanahawa alipiga kelele. "Lipepo linatoka! Shikilia, Alawi! Usiachie!"

"Siachii!"

Povu lilichemka, likapungua, likawa tone hapa na tone pale, mwisho maji yakabaki yanasukumwa kwa utulivu kutoka chini, safi, hayana hata kiputo kimoja. Mwanahawa alisubiri zaidi, akahesabu hamsini nzima, kwa sababu wodini amefundishwa kutoridhika mapema. Halafu akapiga kelele ya kufunga, akashuka ngazi kwa haraka isiyomfaa mwanamke wa miaka arobaini na sita.

Bafuni Alawi alifunga koki, akakata mikanda kwa kisu, akautoa mpira. Walisimama watatu kwenye mlango mdogo, mabega yamebanana.

"Wewe, dada," Alawi alisema. "Fungua wewe."

Mwanahawa alisukuma mkono wa koki kwa kiwiko, kama mama yake anavyofanya.

Maji yalianguka mara moja, manene kama mkono wa mtoto, yakapiga sakafu na kurukia kuta, na mlio wake ukalijaza bafu lile dogo hata wasisikilizane. Felista alipiga vigelegele. Alawi alimnyanyua dada yake juu, akamzungusha, wote wawili wamelowa. Mwanahawa alicheka na kulia, akawa hajui kipi kinaanza na kipi kinaishia. Miaka ishirini na mbili ya kazi, ameokoa watu na amewapoteza, lakini hakukumbuka lini mara ya mwisho alijisikia hivi, mshindi, kuanzia nyayo mpaka kilemba.

Walipogeuka, Bi Mwanaamina alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa ametembea peke yake kutoka kivulini, na hakuna aliyemsikia.

"Rudisheni hicho kichwa chake," alisema. "Hawa, niletee khanga yangu kavu na sabuni mpya. Na mafuta ya nazi, nywele zangu zimekuwa kama makumbi."

"Nikusaidie kukaa, mama?"

"Kaeni nje."

Mlango ukafungwa. Komeo likasikika. Walisikia kiti kikivutwa, pumzi ya mtu anayekaa, kisha mvua ya maji. Hakuna aliyeondoka. Walikaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, chini ya lile bomba, wakisikiliza. Maji ya mjini yalikatwa saa sita kamili. Bomba la nje likakoroma, likanyamaza. Bafuni mvua iliendelea. Adhana ya adhuhuri iliita, ikaisha, na bado iliendelea. Katikati yake walimsikia Bi Mwanaamina akivuta kasida ya maulidi, taratibu, anakosa maneno na kurudia mwanzo, sauti yake ikizama na kuibuka ndani ya maji.

"Atamaliza tangi," Alawi alinong'ona.

"Mwache alimalize," Mwanahawa alisema.

Alipotoka alikuwa amejifunga khanga mbili, nywele zinanukia nazi, uso umeng'aa. Alimwambia Alawi akavue nguo mbichi asije akaugua, akamwambia Felista abaki kula, kisha akaenda kusali. Siku hiyo tasbihi ilimchukua muda mrefu.

Lakini Mwanahawa alijua kazi haijakwisha. Tangi likiisha tena, na lingeisha siku moja, hewa ingerudi kwenye kiti chake juu ya mlango. Jumatatu akamwita Juma.

Juma alikuja na habari za pampu. Mwanahawa alimpeleka bafuni kwanza, akamfungulia maji. Juma alitazama, akatia mkono, akautoa, akatazama tena.

"Nani amelitengeneza?"

"Sisi."

Alimweleza kila kitu, tangi lililoisha, spana, debe tupu, mpira wa Felista. Juma alisikiliza, na mtu mwema ni yule anayeweza kubadilika uso mbele ya ukweli. Alipanda stuli, akaligonga bomba mwenyewe, akatikisa kichwa.

"Nesi, miaka tisa nafanya kazi hii. Ningekuuzia pampu na ingefanya kazi siku mbili tatu, halafu ungenitukana." Aliteremka. "Sasa tufanye nini hapa? Tuchimbe?"

"Nilikuwa nafikiri, pale juu kabisa ya kilima cha bomba, utoboe uweke kijibomba chembamba kilichosimama. Kiende juu kupita tangi, mdomo wake uwe wazi, umeinama ili uchafu usiingie. Hewa ikija itapata mlango wa kutokea yenyewe."

Juma alifikiri huku amefumba jicho moja. Kisha akafungua mkoba.

Ilimchukua mpaka saa nane. Gundi ilipokauka, Mwanahawa alisema wafanye jambo ambalo Juma aliliona la kichaa: walimwage tangi lote, mpaka tone la mwisho, kwa makusudi. Walijaza ndoo, mapipa, sufuria, na masalio wakamwagilia mpapai wa Felista. Bomba la bafuni likakohoa, likakauka kabisa. Ndipo wakafungulia maji ya mjini yajaze tangi upya, wakasubiri. Bi Mwanaamina alikwisha ingia bafuni zamani, kwa hiari yake, akisema kwamba kama kuna wa kujaribu ni mwenye bafu.

Juma alisimama karibu na mlango, ameinamisha sikio. Pale juu kijibomba kipya kilipumua kwa muda, fyuu, kisha kikatulia. Ndani koki ilisukumwa.

"Yanakuja, bibi?" Juma aliuliza. "Yana nguvu?"

Kulikuwa na kishindo cha maji, na juu yake kicheko cha mwanamke mzee.

"Yanakuja, baba, tena yananipiga! Mungu akubariki. Sasa ondoka hapo mlangoni, watu wanaoga."